Kitabu Alichokisifia Bila Kukisoma

Duka la vitabu lilifurika, watu wakisukumana kana kwamba vinagawiwa bure. Kijana mmoja mtengeneza programu, shati lake la bluu limenyooka kwa pasi, alipeleka mkono kwenye rafu ya vitabu vya kompyuta, vidole vyake vikagusana na vya msichana mwenye gauni la njano.

"Samahani, kaka. Hiki kinafaa? Nimeanza kazi ya programu juzi tu."

"Hicho? Hicho ni lazima, dada. Bila hicho wewe ni fundi asiye na nyundo."

"Umekisoma?"

"Mara mbili!"

Uongo mtupu. Nakala yake iliinua skrini ofisini ifike usawa wa macho, nailoni yake haijachanwa.

Wakapeana namba, mapenzi yakanoga, simu zikawa hazipoi. Jioni moja msichana akapiga.

"Mwalimu wangu, kesho nina kikao na kitabu sijafika mbali. Kinasemaje kuhusu kujaribu programu kabla ya kuitoa?"

"Programu ndogo haihitaji majaribio, mpenzi. Kimesema wazi."

Kesho yake msichana alisimama kikaoni akalirudia neno hilo kwa kujiamini. Mkuu wake akakifungua kitabu, akasoma kinyume chake kabisa, polepole, mbele ya wote. Wakacheka hadi machozi.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mpenzi wake, macho mekundu. Akaona kile kitabu chini ya skrini.

"Kumbe skrini ndiyo iliyokisoma mara mbili?"

Kijana alitamani ardhi ipasuke. Msichana akaondoka, na tangu hapo simu zake hakupokea.

Kijana akachana nailoni, akaanza kusoma. Lakini kila ukurasa ulimsuta: hata akimaliza chote, kicheko kile bado kingemwandama yule msichana kazini. Aibu ya mwenzake ilimchoma kuliko yake mwenyewe.

Ndipo asubuhi moja akaingia ofisini kwa yule msichana, akamkuta na wenzake wamesimama duara kugawana kazi za siku. Masikio yalimwaka.

"Samahani, wakubwa. Maneno mliyomcheka kwayo niliyatunga mimi. Kitabu sikuwa nimekisoma. Nilitaka anione msomi."

Mtu akaguna. Mkuu akamkazia macho. "Na sasa umekimaliza?"

"Ndiyo" ilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza.

"Niko sura ya tatu. Nusu yake sijaielewa."

Akageuka kuondoka, jasho likimtiririka. Kwenye ngazi akasikia viatu vya msichana nyuma yake.

"Sura ya tatu tu, bwana msomi?"

"Ni ngumu."

"Ngumu wapi?"

"Kuanzia neno la kwanza."

Msichana aliuma mdomo, kicheko kikamponyoka.

"Jumamosi njoo kwetu. Utasoma kwa sauti, na pale usipoelewa utasema sielewi."

"Nitalisema sana hilo, mpenzi. Utachoka."

"Liseme tu," akamwambia, akimfuta jasho kwa kiganja. "Ndilo neno lako la kwanza nitakaloliamini."