Injini Iliyopumua Kinyumenyume

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Mhandisi alipoteremka gatini na kisanduku chake cha spana, uso ameukunja kama mtu mzima aliyeamshwa usingizini ili aje kuzima taa. Kwa hesabu yake, kazi aliyoitiwa ilikuwa ya saa moja, tena kwa mtu mzembe. Injini ya boti, ya dizeli yenye silinda moja, iliyolala bandani tangu mwenyewe alipofariki, ilikuwa imekataa kuwaka. Basi. Injini ikikosa mafuta, hewa au mgandamizo, haiwaki; ikivipata vyote vitatu, haina hiari. Aliyasema hayo kwa wanafunzi, kwa wakubwa zake kazini na kwa mkewe, na katika utumishi wake wote hakuwahi kukutana na injini iliyombishia.

Waliombishia daima walikuwa watu.

Wawili kati ya watu hao walikuwa wameketi gatini juu ya mapipa matupu. Walikuwa ndugu wa marehemu: mkubwa, aliyeitwa Msemaji kwa kuwa hakujua kunyamaza, na mdogo wake, ambaye alimwachia mkubwa kazi ya kufikiri, na kwa hiyo kazi hiyo haikufanywa na yeyote. Mjane wa marehemu, ambaye alikuwa dada mdogo wa Mhandisi, alisimama mbali nao, mikono ameifumbata kifuani.

Kikao cha ukoo kilikuwa kimekata shauri: boti ingekuwa ya upande utakaoiwasha kabla giza halijaingia siku ile. Ndugu walikuwa wamehangaika nayo mchana kutwa, wakashindwa. Ikimshinda na Mhandisi, ingekatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu, na dada yake, ambaye hakuwa na riziki nyingine ila kuvusha watu hadi ng'ambo, angerudi kwao na mabegi yake.

"Umefika, shemeji," Msemaji alisema. "Tulidhani umeogopa."

"Niogope nini? Kutu?"

"Kile kitu kina mwenyewe."

"Mwenyewe tulimzika, shemeji. Na wewe ndiye uliyelia kuliko wote, huku jicho moja likiikagua boti."

Mdogo mtu alicheka. Akatazamwa. Akanyamaza.

Marehemu alikuwa amekutwa katikati ya maji, boti ikijielea, yeye ameinamia injini na mdomo wake umeganda kwenye tundu la kuvutia hewa, kana kwamba alikuwa akiinong'oneza. Hakuwa na jeraha. Hakuwa na tone la maji mapafuni. Watu wa gatini walikuwa na maelezo yao: kwamba alikwenda kwa mganga ili injini isimharibikie kamwe, akaambiwa ailishe, akailisha kuku, akailisha mbuzi, kisha uvivu ukamshika akaacha, nayo ikajihudumia. Mhandisi alipoyasikia hayo matangani alikaribia kuondoka. Moyo ulisimama, kwisha. Kilichomshangaza yeye ni kwamba moyo wa mtu mvivu kiasi kile ulikuwa umekubali kupiga muda wote ule.

Boti ilikuwa imeshushwa majini, imefungwa kwa kamba nene kutoka mbele hadi kwenye nguzo ya gati. Alipanda, akaondoa kifuniko cha mbao, akavaa miwani.

"Kaka," dada yake alisema kwa sauti ya chini. "Fanya yote. Ila kilichozibwa usikizibue mpaka nikuambie."

"Kwa nini?"

"Nimekuomba tu."

"Ombi si sababu," alijibu, na hakumtazama tena.

Alianza na mafuta, kwa kuwa mpumbavu pekee ndiye huanzia kwingine. Tangi lilitoa dizeli nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, na chini yake maji. Akamwaga, akasuuza, akatia mpya. Akabadilisha filta. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa, akasukuma pampu kwa kidole gumba hadi mapovu yakaisha na mafuta yakatoka safi. Akamimina oili kidogo silindani ili kulainisha ringi zilizoganda, akainua kikono cha kuachia mgandamizo, akazungusha kwa hendeli. Ilizunguka kwa uzito, kisha kwa wepesi.

"Hamkufungua hata filta?" aliwauliza bila kugeuka.

"Tulianza na dua," Msemaji alisema.

"Na baada ya dua?"

"Tukaomba tena."

Mhandisi aliguna. Akazungusha kwa nguvu, akashusha kikono. Injini ilijaribu kuvuta pumzi, ikakwama, kama mtu aliyebanwa pua.

Hewa, basi. Alifungua kifuniko cha filta ya hewa. Ndani palikuwa pamesokomezwa kitambaa cheupe. Akainama ubavuni mwa boti, mahali bomba la moshi lilipotokeza kiganja kimoja juu ya maji. Humo pia, kitambaa cheupe.

Hilo halikumshangaza. Fundi yeyote mwenye akili huziba matundu injini inapolazwa, panya na unyevu visiingie. Lakini fundi hutumia tambara lolote, na hapigi mafundo. Vitambaa hivi vilikuwa vimefungwa fundo juu ya fundo, kwa mkono uliokuwa na haraka. Pamba nyepesi. Mpya. Upande mmoja umekatwa kwa mkasi...

Aliitambua. Ilikuwa imebaki pale walipomshonea marehemu sanda.

Akamtazama dada yake. Dada yake alitikisa kichwa, taratibu.

"Kaka. Hapana."

"Umesoma kwa jasho langu," alimwambia, "halafu unaziba injini kwa hirizi."

Akachomoa cha kwanza. Akachomoa cha pili. Na ili waone wote jinsi alivyowadharau, wafu na walio hai, alijifutia kwa vitambaa hivyo oili ya mikononi, akavitupa majini.

Vilizama kama mawe.

Pamba, tena yenye oili... ilipaswa kuelea. Aliliona hilo, akaliweka kando. Giza lilikuwa linakaribia, na hesabu ya pamba ingeweza kusubiri.

Akashika hendeli. Akazungusha. Alipokaribia kilele cha mgandamizo mkono ulilegea kidogo, na hendeli ikampiga teke, ikamponyoka.

Du...

Du... du...

Du, du, du, du.

Msemaji na mdogo wake waliinuka kwenye mapipa. Dada yake hakutabasamu.

Mhandisi alisikiliza, akakunja uso. Mdundo ulikuwa mzito, wenye mkwaruzo. Moshi haukutoka kwenye bomba la moshi. Ulitoka kwenye filta ya hewa, chini ya pua yake. Akaelewa, akacheka kwa sauti.

"Inazunguka kinyume!" alitangaza, kana kwamba yuko darasani. "Imepigwa teke ikawaka kinyume. Inavutia hewa kwenye bomba la moshi na kutolea moshi puani. Ni kasoro ya dizeli kuukuu. Kasoro, shemeji. Siyo shetani."

Akafunga mafuta.

Du, du, du, du.

Akasubiri yaliyobaki kwenye mrija yaishe. Yalipaswa kuisha. Akasubiri tena.

Du, du, du, du.

Basi ilikuwa inanyonya oili yake yenyewe. Hilo nalo hutokea, na dawa yake ni moja: iibane inapovutia pumzi, itakufa. Akainama ubavuni, akaliziba bomba la moshi kwa kiganja.

Bomba likamvuta.

Mashine hunyonya kwa mapigo, funga fungua. Hili halikuwa na mapigo. Lilikuwa vuto moja, refu, la mtu mwenye kiu aliyepewa mtungi. Ubaridi ulimpanda kiwiko, bega, kifua. Alitaka kupiga kelele akakuta hana cha kupigia. Pumzi ilikuwa inamtoka, wala hakuwa yeye anayeitoa.

Na kwenye filta, pamoja na moshi, ikatoka harufu. Tumbaku ya kutafuna. Kisha kikohozi, chepesi, cha madaha, kile kile kilichokuwa kikimkera kila mara marehemu alipokuja kula kwake bila kualikwa.

Kisha, katikati ya midundo...

"She... me... ji..."

Gia ilikuwa huru, haijashika propela. Aliiona kwa macho yake, ilikuwa huru. Hata hivyo boti ilianza kurudi nyuma. Kamba ikakaza. Nguzo ya gati ikalia kwenye mizizi yake.

Aliwatafuta ndugu wa marehemu, akaona migongo yao ikikimbia.

Dada yake ndiye aliyeingia majini. Aliingia na nguo zake hadi kiunoni, akafika ubavuni mwa boti, akamshika kaka yake kifundo cha mkono. Usoni hakuwa na hofu hata chembe. Alikuwa na ule uso wa mwanamke aliyefungua mlango akamkuta mumewe amelewa, kwa mara nyingine, kizingitini.

"Mwachie," alinong'ona. Hakuwa akisema na Mhandisi.

Du, du, du.

"Mwachie kaka yangu. Hata kufa umekufa kizembe. Nani kakuambia utoke?"

Bomba likapiga mluzi mwembamba, kama mtoto anayelalamika.

"Usinililie. Nimesema mwachie. Na ugeuke."

Kiganja kikabanduka.

Injini ikageuka.

Hakuna injini ya aina ile inayobadili mwelekeo bila kusimama kabisa na kuwashwa upya kwa mkono wa mtu. Mhandisi alilijua hilo kuliko alivyojua jina la mamake. Alisikia kimya kifupi, cha kumeza kwikwi, kisha mdundo mpya, laini, wenye utii, na moshi ukatoka mahali moshi unapotoka. Alitazama koki ya mafuta. Ilikuwa imefungwa, kama alivyoifunga.

"Chukua, shemeji!" Msemaji alipaza sauti kutoka mbali, na kwa mara ya kwanza alisema kwa ufupi. "Ni yako! Chukua!"

Kesho yake Mhandisi alirudi mchana kweupe, akapima oili kwa kijiti. Haikuwa imepungua hata upana wa ukucha. Alipiga hesabu ya mafuta yaliyobaki kwenye mrija, ya joto, ya uzito wa gurudumu la injini. Kila njia ilimfikisha kwenye injini iliyopaswa kuzimika mapema. Kiganjani palibaki duara la rangi ya maziwa, lisilo na joto. Daktari alisema ni jeraha la baridi kali, akamuuliza alishika barafu wapi. Mhandisi alimwona mjinga, akakifumba kiganja, akaondoka.

Hakukanyaga tena gatini hadi msimu ulipogeuka, na hata hapo alikwenda asubuhi, kwa sababu anayekwenda asubuhi huonekana mwenye shughuli, si mwoga wa giza. Biashara ilikuwa imechangamka. Dada yake alikuwa ameketi nyuma, mkono kwenye usukani, amenenepa kidogo, boti inadunda kwa utulivu. Mhandisi alitazama kila pembe ya boti, kisha gatini kote. Hakuona dumu la mafuta hata moja.

"Inakula mafuta kiasi gani?" aliuliza.

"Mafuta ya nini, kaka?" Dada yake alimtazama kama alivyokuwa yeye akiwatazama wengine. "Mwanamume yule hakunifanyia kazi hata siku moja alipokuwa hai. Acha afanye sasa."

Mhandisi aliinamisha sikio. Injini ilidunda, na mara moja, kwa mbali, ikakohoa.

"Inaanza kuchoka," alisema, kwa kuwa sikio la fundi haliwezi kujizuia. "Mgandamizo unapungua. Itakapokwisha nguvu... utafanyaje?"

"Marehemu hakuzaliwa peke yake."

Akainua uso kuelekea gatini. Msemaji na mdogo wake walikuwa wamesimama nyuma ya abiria wengine, na vifurushi vyao, wakitaka kuvuka bila kuonekana kuwa wanataka.

"Shemeji zangu!" aliwaita kwa sauti tamu, akisogeza kiti na kukipangusa kwa kiganja. "Mbona mmesimama kama wageni? Nyinyi siwatozi nauli. Njooni, njooni mkae hapa katikati, karibu na injini."