Bunduki ya Mjane Tveit

Shemeji yangu Verlin Stroud nilikuwa simpendi, na kufa kwake, kama kweli amekufa, hakujanifanya nianze kumpenda sasa. Kazi yake ilikuwa kutathmini bunduki za zamani za wenzo, zile ambazo babu zetu hapa Montana walizikoki kwa kusukuma chuma kilicho chini ya kifyatulio. Akishachungulia mtutu, akakagua vichwa vya skrubu, akapapasa kitako, alijua kama vipande vyote vilitoka kiwandani pamoja au vimeungwaungwa. Kazi aliijua sana. Ndiyo maana uongo wake ulikuwa unatia kinyaa zaidi. Wajane aliwaambia bunduki zao ni takataka, kisha akazinunua kwa bei ya takataka.

Asubuhi moja ya Novemba gari lake liligoma, dada yangu Corliss, mkewe, akaniomba nimpeleke kwa Bibi Astrid Tveit, huko kwenye mashamba ya ng'ombe. Jua lilikuwa linang'aa juu ya theluji. Bibi alitupa kahawa na pai ya tofaa. Verlin akala vipande viwili huku akitazama saa, kama vile ni yeye anayetufanyia hisani.

Bibi akaileta bunduki imeviringishwa blanketi. Verlin alipoifunua, nilimwona akimeza mate. Halafu akabinua midomo.

"Bibi, hapa mlipigwa. Mtutu umepakwa rangi upya. Skrubu zimebadilishwa. Kitako si chake. Hakuna cha asili hata kimoja."

"Mume wangu hakuwahi kuigusa kwa bisibisi."

"Basi na mumeo naye alipigwa."

Bibi hakukasirika. Aliinama, akanong'ona, "Sema tena, mwanangu. Sema vizuri. Inakusikia."

Verlin akacheka, akarudia yote polepole, kama anayemsomesha mtoto mzito. Bibi akamsukumia bunduki. Hela alizikataa.

Njiani mtu yule alikuwa hajiwezi kwa furaha. "Shemeji! Haijaguswa tangu itoke kiwandani! Bibi kizee kanipa bure!"

"Wewe ni mwizi, Verlin."

"Mwizi anavunja mlango. Mimi nafunguliwa, napewa na pai."

Nyuma yetu, ndani ya blanketi, wenzo ukalia. Ukafunguka, ukafunga. Hapakuwa na mtu huko nyuma.

Siku iliyofuata aliniita kwenye karakana yake. Hakuwa anacheka. Alininyooshea kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kile kidole kilivunjika utotoni, kikaunga vibaya. Sote tulikijua kilivyopinda. Sasa kilikuwa kimenyooka. Ngozi yake laini, nyeupe kuliko ya mkono wote.

"Umeenda hospitali?" nikamuuliza.

"Kwenda kusema nini? Kwamba nimepona?"

Baadaye Corliss akanipigia simu. Alikuwa amejifungia stoo. "Kaka, njoo umwangalie macho."

Nikaenda. Verlin alikuwa na macho ya buluu tangu azaliwe. Moja lilikuwa kahawia. Lilinitazama bila kupepesa.

Mabega nayo yakapanuka. Harufu ya jasho lake ikageuka. Corliss alinishika mkono jikoni, akaninong'oneza, "Ninaishi na nani humu ndani?"

Verlin aliyajua yote hayo. Alijua na sababu yake. Kwa siku kadhaa kiburi kilimziba mdomo. Alikuwa radhi abadilishwe kipande kwa kipande kuliko kumwomba radhi bibi kizee. Jumapili, meno yalipoanza kulegea, ndipo alipokubali.

Tulifika mchana. Akapiga magoti mlangoni kwa Bibi Tveit, bunduki mikononi.

"Usiniambie mimi," Bibi alisema. "Iambie yenyewe."

Akailaza mezani. Verlin akaisogelea. Akafumbua mdomo.

Sauti haikuwa yake.

Ilikuwa nzito. Ya mtu nisiyemjua. "Nilisema uongo," ilisema. "Kila kipande ni cha asili."

Tukangoja. Wenzo haukusogea.

Bibi akatikisa kichwa. Uso wake haukuwa na huruma hata chembe. "Haimtambui huyu. Aliyeitukana alikuwa mwingine. Mwambieni aje mwenyewe."

Mtu yule akasimama. Akajipangusa magoti. Akamshukuru Bibi kwa ukarimu wake, jambo ambalo Verlin hakulifanya maishani. Halafu akanigeukia, akaniuliza kwa adabu, "Samahani, wewe ni nani?"

Akatoka. Akashika barabara kwa miguu, akielekea kaskazini. Corliss hajamwona tena, wala hajamtafuta.

Bibi Tveit alifariki theluji ilipoyeyuka. Wanawe wakamwita mtathmini mwingine kutoka Wyoming, mwanamke mtulivu aitwaye Henriette Kolb, nami nikaenda kusikiliza. Aliikagua bunduki kwa muda mrefu. Akasema hajapata kuona iliyo safi kiasi kile. Mtutu, skrubu, mbao, kila kitu ni chake.

Kisha akafungua kijumba kilichomo ndani ya kitako, pale panapowekwa vijiti vya kusafishia mtutu. Akamulika tochi. Akarudi nyuma hatua moja.

"Humu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "mliwahi kufungia mnyama?"

Nikachungulia. Mbao ilikuwa imekwaruzwa kutoka ndani, mikwaruzo mitano mitano, wa mwisho umepinda kila mara, na unga wake ulikuwa bado mbichi.