Ngwe ya Mwalimu Sefania

Siku hiyo ya gulio Lushoto ilijaa watu hata pa kuweka mguu hapakuonekana. Akina mama walipanga viazi, karoti, plamu na pea juu ya magunia, na baridi ya Agosti iliwafanya wajitande khanga mbili mbili. Katikati ya kelele hizo alipita kijana mrefu, suruali yake pana chini kwa mtindo wa Dar es Salaam, viatu vyake vya ngozi vikiteleza kwenye tope. Aliinama mbele ya Efrazia kununua plamu.

Efrazia alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, macho makubwa, gauni la maua ya bluu, na sweta ya kijani aliyoifuma kwa mkono wake. Alizifunga plamu kwenye karatasi, akamkabidhi. Kijana akaitazama ile karatasi, akashtuka.

"Samahani dada. Karatasi hii umeitoa wapi?"

"Kwa Secilia, anayefagia nyumba ya wageni ya misheni. Huniletea za kufungia. Kwani ina nini?"

"Ni yangu. Huu ni mwandiko wangu."

Efrazia akamtazama toka viatuni mpaka kichwani. Kisha akavuta rundo la karatasi kutoka chini ya gunia.

"Kumbe ndiwe! Siku nyingi natamani kukujua. Tazama. Hii juu ina namba moja. Hii, moja. Na hii, moja. Wiki mbili nafungia watu plamu kwa namba moja. Mbili iko wapi?"

Mama Dina, jirani yake wa gulioni, mwanamke wa miaka hamsini mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alicheka hadi karoti zake zikaporomoka.

"Labda mbili anaila na chai!" akasema.

"Shikamoo mama," kijana alisema kwa aibu.

"Marahaba mwanangu. Mjibu mwenzio. Mbili iko wapi?"

Kijana akakaa juu ya kreti tupu kama mtu aliyechoka safari. Jina lake Sefania, mzaliwa wa Mtae, mwalimu wa historia chuo kikuu. Alikuwa amepewa likizo aandike makala juu ya matuta ambayo Waingereza waliwalazimisha watu wa milima hii kuyachimba. Makala isipolifikia jarida kabla ya mwisho wa Agosti, mkataba wake haungeongezwa na nafasi ingepewa mwingine. Kila asubuhi aliandika ukurasa wa kwanza. Kila jioni aliusoma, ukamchukiza, akautupa.

"Ni Kiingereza?" Efrazia aliuliza.

"Kiingereza."

"Mimi niliishia darasa la nne, Kiingereza sikijui. Lakini namba nazijua. Sasa wewe mwalimu, unaandika na nani?"

"Peke yangu. Kuandika ni kazi ya mtu peke yake."

"Ndiyo maana!" Efrazia na Mama Dina walisema kwa pamoja.

Kesho yake, kwa maelekezo ya Efrazia, Sefania alipanda mlima mpaka shamba la kijiji. Wanawake sita, Efrazia na Mama Dina wakiwemo, walilima pamoja. Asubuhi walipima kwa kamba, kila mmoja akapata ngwe yake, kipande cha kumaliza siku hiyo, si kikubwa, si kidogo. Kulikuwa na sheria tatu. Unaanza wenzako wanapoanza. Hakuna kurudi nyuma kulima ulipokwisha kulima. Na hakuna anayekwenda nyumbani kabla wa mwisho hajamaliza.

"Ngwe yako ni kurasa mbili," Efrazia alimwambia. "Kaa pale kwenye jiwe. Ukimaliza nipe mimi, nitaziweka kikapuni. Hutaziona tena mpaka mwisho."

"Na zikiwa mbaya?"

"Sisi tukilima vibaya tunafukua mbegu kila siku kuziangalia?"

Siku ya kwanza alichelewa. Wanawake walimaliza, wakaegemea majembe yao, wakamsubiri kwenye upepo. Mama Dina akapiga kelele, "Mwalimu, chai inapoa!" Sefania akaona haya, akaandika bila kuinua kichwa. Alipoinuka, kurasa zilikuwa mbili. Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba mtu amejifungua.

Baada ya wiki mbili kikapu kilikuwa na kurasa zaidi ya ishirini. Kila alipomaliza, wanawake walimtaka aseme kwa Kiswahili alichoandika. Siku moja alisema kwamba watu walikataa matuta kwa sababu walipenda desturi za zamani.

"Nani kakudanganya?" Mama Dina aliruka. "Hayo matuta nimeyachimba mimi, Dina akiwa mgongoni. Yalikula nusu ya shamba! Udongo mwekundu wa chini ukaletwa juu, mahindi yakatoka ya njano. Tulikataa njaa, mwanangu. Desturi gani?"

Sefania alitaka kuurudia ukurasa ule. Efrazia akaukalia.

"Hakuna kurudi nyuma. Andika leo alivyosema mama."

"Wewe binti ni mkali."

"Na wewe mwalimu ni mbishi."

"Nikiwa mtiifu utanipa nini?"

"Plamu."

"Plamu tu?"

"Na pea moja," alisema Efrazia, akageuza uso ili asionekane anacheka.

Sefania akawa anamsindikiza mpaka njia panda. Alimbebea jembe, akajifunza kuvuka kijito bila kulowesha viatu, akamchekesha kwa habari za Dar, ambako watu hutoka jasho wamekaa. Efrazia naye alimwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba aliacha shule mama yake alipougua, kwamba mpaka leo akipita karibu na darasa huona aibu bila kujua kwa nini. Sefania alimsikiliza mpaka mwisho. Alimshika tu mkono. Siku hiyo njia panda waliifikia polepole sana.

Halafu kazi ikaanza kusuasua. Siku tatu mfululizo Sefania alikaa kwenye jiwe bila kutoa kitu. Mara kichwa kinauma, mara wino umekwisha. Kikapu kilibaki na ishirini na tatu. Wanawake walimaliza ngwe zao, wakamsubiri, wakapigwa na ukungu, wala hawakulalamika.

Siku ya nne manyunyu yalianguka ghafla. Sefania alivua koti lake, akamfunika Efrazia mabegani. Efrazia akasikia kitu kigumu mfukoni. Akakitoa.

"Sefania, hizi nini?"

"Nipe, zitalowa."

Lakini namba alizijua. "Ishirini na nne. Ishirini na tano." Akafunua mpaka ya mwisho. "Thelathini na moja! Jana umeniambia hujaandika hata neno."

Wanawake wote waliinua vichwa. Mbele ya macho hayo Sefania alitafuta ukweli mdomoni, ukamkwama.

"Nilitaka... nilitaka kuzisoma kwanza."

"Mwongo." Sauti ya Efrazia ilikuwa ndogo, na kwa hiyo iliuma zaidi. "Mama Dina analima mpaka mgongo haunyooki. Akimaliza anakusubiri kwenye baridi ili usiwe peke yako. Kumbe wewe umemaliza tangu chumbani, umekaa hapo unatutazama kama sinema! Ulikuwa unawacheka watu wa darasa la nne?"

"Efrazia, sikiliza..."

"Chukua koti lako."

Alimmwagia kurasa zote kutoka kikapuni mpaka mikononi, akashuka mlima bila kuangalia nyuma.

Sefania hakurudi shambani. Chumbani kwake, akiwa na kurasa zote mezani, alifanya kosa alilokatazwa: alianza kusoma toka mwanzo.

Siku mbili baadaye Secilia, mfagiaji, alikuja kwa Efrazia na furushi la karatasi kwapani.

"Za kufungia hizi. Kumi na mbili, nimezifagia leo peke yake."

Efrazia akazipekua. Moja. Moja. Moja. Mpaka mwisho wa Agosti zilikuwa zimebaki siku tano.

"Anakula?" aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mbuzi wa jirani.

"Chai tu. Ndevu zimeota kama za nabii."

Efrazia alikwenda kwa Mama Dina akamweleza, akitazama chini muda wote.

"Bado namkasirikia, mama."

"Mkasirikie, ni haki yako. Hata mimi nina neno naye. Lakini kwetu aliyebaki nyuma husaidiwa kwanza, kugombezwa ni baadaye. Waite wenzako. Na mwambie kila mtu aje na viazi vya kumenya."

Asubuhi iliyofuata watumishi wa nyumba ya wageni waliona wanawake sita wakipanda barazani na masufuria. Sefania alitoka amefinya macho kwa jua, shati limekunjamana.

"Ngwe yako imebaki kiasi gani?" Mama Dina aliuliza, hata salamu hakungoja.

"Kurasa tisa, mama. Ya kwanza niliyoitupa, na nane za mwisho, kuanzia ya thelathini na mbili. Lakini..."

"Leta meza hapa. Sisi tunamenya viazi, wewe unaandika. Efrazia, chukua zilizokwisha uzikalie."

Efrazia alizikalia, akamgeuzia mgongo.

Barazani zikasikika visu na kalamu tu. Saa ikapita. Sefania akajaza ukurasa, kisha mwingine. Alipokwama aliuliza, "Mama Dina, siku mliyokataa, ilikuwaje?" na Mama Dina akamweleza jinsi wanawake walivyoacha majembe yao kando ya njia, wakaenda kwa miguu mpaka bomani kusema hapana. Wengine wakaongeza, wakabishana, wakacheka. Kalamu ikakimbia.

Adhuhuri akaiweka chini. Akasimama.

"Nimemaliza nne. Kabla ya kuendelea nina neno, na mlisikie nyote. Sikuwacheka. Nilijua siku nitakayomaliza makala nitapanda basi. Nikaona nikizificha kurasa, basi nalo litachelewa." Akautazama mgongo wa Efrazia. "Sikutaka kumaliza, kwa sababu sikutaka kuondoka kwa Efrazia."

Kiazi kilimponyoka mtu, kikabingirika barazani. Kisha vigelegele vikapanda mpaka barabarani.

Efrazia aligeuka, macho yamejaa maji na mdomo umejaa kicheko. "Mjinga mwenye digrii wewe! Ulitaka kufukuzwa kazi ili ule plamu zangu?"

"Na pea moja."

"Kaa chini. Zimebaki tano."

"Hujanisamehe?"

"Nitakusamehe zikibaki sufuri."

Alimaliza kesho yake, saa nane mchana. Kurasa zilipigwa mihuri ya posta, zikaondoka na basi la asubuhi. Yeye akaondoka na basi la pili. Stendi hawakusema mengi, watu walikuwa wengi. Efrazia alimrekebishia kola, akasema "Haya," na Sefania naye akasema "Haya." Basi lilipokata kona, Efrazia aliweza kulia.

Septemba ikapita. Barua zilikuja mbili, fupi, zenye salamu kwa wanawake wote, kila mmoja kwa jina. Efrazia alizisoma mpaka zikalegea kwenye mikunjo. Lakini zilikuwa barua za mtu anayengoja hukumu, na Efrazia naye alingoja.

Siku moja ya Oktoba Secilia alikuja mbio. "Unaitwa posta! Simu ya Dar, saa nne!"

Efrazia alikuwa hajawahi kushika simu. Mwanahawa, opereta mwenye asili ya Tanga, mwanamke wa hina na maneno matamu, alimwekea chombo sikioni.

"Sema, mdogo wangu. Hakiumi."

"Haloo?"

"Efrazia! Ni mimi!"

"Usipige kelele, nakusikia. Wamesemaje?"

"Wameikubali! Yote! Na mkataba nimepewa, miaka mitatu!"

Efrazia alifumba macho, akashika ukuta. "Asante Mungu," alisema polepole.

"Sikiliza. Sasa tuko walimu wanne. Kila asubuhi saa kumi na mbili tunakaa chumba kimoja, kila mtu na ngwe yake, na hakuna anayetoka kabla wa mwisho hajamaliza. Mwenzetu Darweshi alikuwa hajachapisha kitu miaka minne. Juzi amefika ukurasa wa kumi, akalia!"

"Alilia kweli?"

"Machozi kabisa. Wote wanauliza nilifundishwa na profesa gani."

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaambia profesa wangu ni mkali, ana sweta ya kijani."

"Acha utani, Sefania. Watu wanasikia."

"Dakika moja imebaki," Mwanahawa aliingilia kati, laini kama asali.

"Basi nasema haraka," alisema Sefania, na sauti yake ikabadilika. "Wiki ijayo napata siku nne. Nataka nimpitie mjomba wangu Mtae, tuje kwa baba yako tufanye mambo kwa heshima. Lakini sitaki kumsumbua mzee kama wewe mwenyewe hutaki. Efrazia, utakubali nikuoe?"

Sauti yake ilivuka chombo mpaka kwenye foleni. Mzee aliyeshika barua ya rejista alisahau kuipaka gundi. Efrazia alivuta pumzi, akatafuta sauti yake, akaipata, akafungua mdomo. Simu ikalia tuu, tuu, tuu.

"Imekatika!" alipiga kelele. "Dada Mwanahawa, mrudishe!"

"Dakika tatu zimekwisha, mpenzi, na Korogwe wanaitaka laini mpaka saa saba." Mwanahawa alikuwa anapanga waya zake, hana wasiwasi. "Lakini usihangaike. Nimemwambia ndiyo kabla sijakata."

"Umemwambia nini?"

"Ndiyo. Wewe ulikuwa bado unavuta pumzi. Mtu mzima alikuwa anakufa upande wa pili, nitamwacha hivyo?"

Posta nzima ikacheka. Efrazia aliona uso wake unawaka. Binti yule aliyezoea kupita karibu na darasa kwa kuinamisha kichwa alitaka kukimbia, na mlango ulikuwa wazi. Badala yake alivuta benchi la mbao karibu na dirisha la opereta, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Nangoja saa saba," alisema.

"Ya nini tena? Jibu ameshalipata."

"Amelipata kwako. Nataka alisikie kwangu."

Saa saba na robo Mwanahawa alimpungia mkono. Efrazia alikishika chombo mwenyewe safari hii, bila kusaidiwa, akakiweka sikioni upande uliokuwa sawa.

"Sefania? Ni Efrazia." Akainua kichwa. "Ndiyo. Mlete mjomba wako."