Mkono Uliomshikia Malkia Fimbo

"Kwa nini mbuzi huyu halii?"

Mzee Kathuri aliuliza hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiuliza mwenyewe. Tulikuwa zaidi ya watu mia mbili katika uwanja ule, na hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikujibu, na kunyamaza si kazi ninayoijua sana.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Chuo kilikuwa kimefungwa, nami nilikuwa nyumbani kwetu, chini ya Kiritiri, nikipepeta ndengu na Tata Igoki. Tata ni dada mkubwa wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Upepo ulikuwa mzuri, makapi yalikuwa yanaruka upande mmoja kama yanavyotakiwa. Tata alipepeta ungo wake mpaka ndengu zikabaki safi, akaziweka chini, akaniambia, "Leo nitampiga mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Wa kiapo. Nitamshikia Malkia fimbo."

Nieleze kidogo, maana huko mjini mtu akisikia malkia anafikiria Ulaya. Malkia wetu ni Wambeti, mke wa Mheshimiwa Gichovi. Kiti cha mheshimiwa huyo sitakitaja. Miaka mingi iliyopita wazee walimvisha kofia ya ngozi ya mbega, na tangu siku hiyo watu wakamwita Mfalme. Mke wake akawa Malkia, mwanzoni kwa utani. Baadaye utani uliisha, jina likabaki. Mfalme alipopigwa na kiharusi akapoteza ulimi na miguu, Malkia alianza kusema badala yake: mazishini, harambee, mimbari za makanisa. "Kiti si cha mume wangu," alikuwa akisema. "Ni cha nyumba yetu." Kila mtu alijua anachotaka. Alikuwa anamsukuma yule mzee kwenye kiti cha magurudumu kama mtu anayeonyesha hati ya shamba.

Kisha ikaja Juni ya 2024. Vijana waliingia barabarani nchi nzima, na kwetu pia waliingia. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliona watu wakisimama mbele ya lango lile jeusi, wakauliza maswali bila kuvua kofia. Malkia alitoka, akawapungia mkono, akacheka nao, akawapiga picha kwa simu yake. "Mko na nguvu, watoto wangu," aliwaambia.

Wiki moja baadaye gari lisilo na namba liliwachukua vijana watatu. Mmoja wao ni Munyi, mtoto wa pekee wa Tata.

Tulizunguka kila kituo. Kila mahali walitwambia hawamjui. Watu wakaanza kunong'ona kwamba majina yaliandikwa katika nyumba ya Malkia, mezani pake, juu ya chai. Chai hiyo aliipika Tata. Alikuwa mpishi katika nyumba ile kwa miaka kumi na moja. Nilimuuliza aliona nini, akasema aliona vikombe.

Wazee wa ukoo wakasema basi, kama ni maneno, yaishe kwa kuringa nthenge. Hiki ni kiapo cha kwetu. Beberu wa rangi moja analetwa, na anayeshukiwa anampiga kwa fimbo, mfupa kwa mfupa, huku akisema: kama nimedanganya, nivunjwe kama huyu. Hachinjwi. Haliwi. Anaachiwa fisi. Aliyesema kweli anaenda nyumbani. Aliyedanganya, kiapo kinaingia katika nyumba yake na kula mmoja mmoja, bila haraka. Mchungaji alihubiri dhidi ya jambo hilo Jumapili mbili mfululizo. Siku ya kiapo nilimwona nyuma ya umati, amevaa kofia.

Malkia hangeweza kukataa. Angekataa, angekuwa amekiri, na kiti kingeenda. Kwa hiyo alifanya jambo lingine. Asubuhi ile, kabla ya jua kuchomoza sawasawa, aliingia jikoni. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuingia jikoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe.

"Mama Munyi," alinong'ona. "Mkono umeteguka. Utanishikia fimbo. Maneno nitasema mimi."

"Mama, fimbo hiyo haishikwi na mwingine."

"Ni kushika tu, Igoki. Unanishikia mwiko kila siku."

Tata alipangusa mikono. Halafu akauliza kitu kimoja alichotaka duniani. "Na Munyi?"

"Jumapili mchana atakula kwako."

Tata aliponieleza hayo nilitupa ungo. "Tata! Huo ndio ushahidi! Kama hajui lolote, amejuaje atarudi Jumapili? Twende tuseme mbele ya wazee!"

Aliniangalia kwa uchovu ambao sijauona kwa mtu mwingine. "Kairitu, binti yangu, wewe una hoja. Mimi nina mtoto."

Nikaokota ungo.

Kwa hiyo nilisimama katika uwanja ule nikiwa najua. Wazee walinung'unika kuhusu mkono na mdomo kuwa vya watu wawili. Malkia akainua bendeji, akasema ni amri ya daktari, akasema kama wanataka mwanamke mgonjwa apige mbuzi waseme waziwazi. Walikuwa wamechoka. Tulikuwa tumechoka sote. Wakamwambia Tata haya, ishike.

Malkia alisema maneno kwa sauti nzuri, sauti ya mikutano. Tata alipiga.

Mguu wa mbele wa kushoto. Ulivunjika kama kuni kavu. Mbuzi hakulia.

Mguu wa nyuma wa kulia. Hakulia.

Hapo ndipo Mzee Kathuri, aliyekuwa anasimamia kiapo, alipouliza swali lake. Tata alipiga mara tisa. Mbavu, mara tano. Nyonga. Mwisho shingo. Mbuzi alikaa kimya mpaka mwisho, mdomo umefungwa. Na muda wote huo hakumwangalia aliyekuwa anasema. Alimwangalia aliyeshika fimbo.

Jumapili, saa saba mchana, Munyi alikuja kwa miguu kutoka barabarani.

Hakuwa na jeraha hata moja. Nguo zilezile, safi. Tata alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Tulimpa githeri, akala sahani tatu. Tulimuuliza alikuwa wapi. Alisema, "Nimechoka." Tulimuuliza wale wenzake wawili wako wapi. Alisema, "Niacheni nilale kidogo." Nilicheka nikilia. Nilijiambia labda Mungu ni mkarimu kuliko hoja zangu.

Jumatatu alishika mtungi wa maji. Tukasikia kitu kikivunjika. Nilidhani ni mtungi.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda chini ya kiwiko, mahali ambapo mkono haupindi. Maji yalikuwa yanamwagika miguuni mwake. Alikuwa anauangalia ule mkono kama wa mtu mwingine.

"Munyi! Inauma?"

Hakusema kitu. Mdomo umefungwa.

Tulimpeleka kupigwa picha ya eksirei. Kijana wa mashine aliiangalia ile picha, akatoka nayo nje kwenye mwanga, akarudi.

"Alivunjika lini?"

"Leo asubuhi," nilisema.

"Hapana. Mfupa huu umeunga zamani. Miaka. Umeunga vibaya, kama wa mnyama aliyeachwa porini." Kisha akamwangalia Munyi usoni, akaiweka picha mezani, akanawa mikono.

Jumatatu iliyofuata ulikuwa mguu wa kulia. Alikuwa amekaa tu, juani, akichambua ndengu. Hakuna aliyemgusa. Mlio wa mfupa ulisikika mpaka kwa jirani. Munyi hakulia.

Nilijua mpangilio huo. Nilikuwepo. Nilihesabu kwa vidole yaliyobaki, nikaacha kuhesabu.

Tata alivaa rinda lake la kanisani, tukaenda kwa Malkia. Ilikuwa mchana, jua la huku kwetu la kukausha mate. Malkia alikuwa barazani anakunywa chai. Bendeji haikuwepo. Nyuma yake Mfalme alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, kichwa kimelala upande, blanketi magotini. Ukutani kulikuwa na mabango mapya ya kura, yameegemezwa, na katika mabango hayo sura ilikuwa ya Malkia peke yake.

Tata alipiga magoti. "Mama, rudia kiapo kwa mkono wako. Au useme tu. Useme ukweli, kife hapo. Nimebaki na yeye tu."

"Inuka, Igoki, unachafua rinda." Alipuliza chai. "Mimi nilimpiga mbuzi?"

"Hapana, mama."

"Watu mia mbili waliona nani?"

"Mimi."

"Basi nirudie nini?"

Alijua. Mungu wangu, alijua tangu asubuhi ile ya jikoni. Alikuwa amefunga bendeji huku anajua nyumba ya nani italiwa.

Nilisema. Nilisema yote ambayo ningepaswa kuyasema uwanjani. Nilimuuliza alijuaje Jumapili. Nilimuuliza picha alizopiga langoni zilienda kwa nani. Nilimwambia Munyi hakumtukana, alimuuliza swali la maji tu, maji ya kunywa. Aliniangalia kuanzia miguuni, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Una mdomo, mtoto. Mwaka wa 2027 nitahitaji mtu kama wewe. Ile siku ya kiapo ulikuwa wapi?"

Nilimshika Tata mkono kumwinua. 

Hapo ndipo tuliposikia.

Mfalme hakuwa ametoa sauti kwa zaidi ya mwaka. Alifungua mdomo polepole, taya zikaachana, na kilichotoka kilikuwa mbuzi. Si mtu anayeigiza mbuzi. Mbuzi. Beberu mzima aliyevunjwa mguu. Kilio kirefu, kilichojaa, kikapiga ukuta na kurudi. Kikaja cha pili. Cha tatu. Macho ya mzee yalikuwa yamekaza kwenye kisogo cha mke wake, machozi yanatiririka, na ulimi wake ulikuwa haujongei.

Mara tisa. Cha tisa kilikatika katikati.

Malkia hakugeuka. Aliweka kikombe chini, akanyoosha mkono nyuma bila kuangalia, akavuta blanketi juu ya magoti ya mumewe.

"Anasikia baridi," alisema.

Shingo yangu ilikuwa inatiririka jasho.

Tulipofika langoni Tata alinishika mkono. "Ulisikia?" alinong'ona.

"Nilisikia."

"Basi usimwambie Munyi. Ataona kilio chake kimechukuliwa na mwingine."

Tulipita kwa Mzee Kathuri. Alitusikiliza akiwa anafunga uzio wa boma, hakuacha kufunga. Alisema yeye ndiye mwenye makosa, kwamba mtu akiona mbuzi halii anasimamisha kazi, lakini alikuwa amesimama juani tangu asubuhi na alitaka kwenda nyumbani. Alisema hivyo hivyo, bila kujitetea. Halafu akasema kiapo hutembea juu ya udongo. Udongo ndio uliolishuhudia neno, na udongo ndio unaolibeba. Kama Malkia hatakiri, mtoto atolewe mahali penye udongo, akae juu, asikanyage chini.

"Atakaa juu mpaka lini?" Tata aliuliza.

"Mpaka yule anayetaka kiti achoke kutaka," Mzee Kathuri alisema. Akakaza kamba kwa meno. "Pole, mama Munyi."

Kuna watu watakaosema ni ugonjwa wa mifupa. Nimewasikia. Nimesomea ubishi, ningeweza kuwatetea vizuri kuliko wanavyojitetea. Wale vijana wengine wawili hawajarudi, na mama zao wakikutana na Tata sokoni wanavuka upande wa pili. Malkia anazunguka na gari lenye spika, anasema yeye ni sauti ya vijana. Wiki iliyopita zilikuwa mbavu. Munyi anapumua kwa kipimo, kama mtu anayebeba mayai. Imebaki nyonga, imebaki shingo.

Na jana Tata aliniita mlangoni, saa sita mchana. Alikuwa amefagia asubuhi, na mistari ya ufagio ilikuwa bado inaonekana uwanjani. Juu ya mistari hiyo kulikuwa na nyayo za kwato. Mbili zimechimba udongo vizuri. Nyingine mbili, ya mbele kushoto na ya nyuma kulia, hazikukanyaga, zilikuwa michirizi tu ya kuburutwa. Zilitoka langoni mpaka kizingiti cha chumba cha Munyi.

Zilikuwa zinaingia. Tulizunguka nyumba mara mbili. Hakuna zilizotoka.

Ndiyo maana ninaandika. Simwombi mtu aamini. Kama unajua chumba cha kupanga Embu mjini, au Runyenjes, au hata Meru, kiwe ghorofa ya pili kwenda juu, ngazi za saruji, mbele yake lami au mawe, pasiwe na udongo hata wa bustani, tafadhali niambie leo. Ni cha watu wawili. Mmoja hawezi kupanda ngazi, lakini hiyo si kazi yako, tutambeba wenyewe.