Sauti ya Bibi Kwenye Simu za Watu

Kila akitoka shule, mdogo wangu anavua sare, ananawa, halafu anakaa mlangoni na simu ya mama. Ana miaka kumi na mbili. Mtaani tunamwita Kidole, kwa jinsi anavyoibonyeza ile simu. Wenzake wakitaka mlio mpya wanakuja kwake. Hata watu wazima wakikwama wanamletea.

Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, alimletea simu iliyopasuka kioo ili amhamishie vitu vyake kwenye mpya. Humo ndani Kidole akakuta sauti ya mama yake fundi, aliyefariki mwaka jana: "We binti, bado hujala tu? Haya, njoo." Bibi wa watu alikuwa anaburuta maneno, mwishoni anacheka kwa kukohoa. Kidole akaona inachekesha. Akaikata, akaifanya mlio wa simu, akamtumia rafiki yake mmoja. Mmoja tu. Programu zenyewe zina kitufe kikubwa cha kutuma, hazikuulizi kitu ni cha nani. Wenye kampuni wanachotaka ni kisambae, basi.

Wiki haikuisha, mtaa mzima unayo. Kinyozi anayo, muuza mkaa anayo.

Mchana mmoja niko dirishani, nikamwona fundi anaacha cherehani, anatoka hadi barabarani na futi yake ya kupimia shingoni, anaangaza macho huku na huku.

"Abee, mama," akaitika.

Hapakuwa na mtu, ila kijana mmoja anapita na baiskeli, simu mfukoni.

Kesho yake tena. Fundi akaanza kukosea vipimo, wateja wakawa wanachukua vitambaa vyao. Mama akatuambia fundi anasikia marehemu akimwita mchana kweupe, hajui kama ana akili timamu, na anahama chumba. Kidole akasukuma sahani. Baadaye akanieleza yote kwa kunong'ona. Tangu hapo na mimi nikawa naisikia ile sauti, hata simu zote zikiwa zimezimwa.

Nilimwambia tunyamaze, itapita. Naona aibu kusema hivyo. Yeye akainuka, akaenda. Nikamfuata.

Fundi alikuwa anafunga mizigo.

"Shangazi, akili yako nzima," Kidole alisema. "Ni mimi. Nilimtoa bibi kwenye simu yako."

Fundi akakaa chini. Nikatamani atuchape yaishe.

Siku nne tulizunguka mlango kwa mlango tukiomba watu wafute. Kinyozi alinuna, akadai mtu akitumiwa kitu ni chake, lakini akafuta tukimwona. Hatukuzimaliza. Nyingine zimeshaenda mbali na wenye nazo hatuwajui.

Tuliporudi, fundi alikuwa ameshafungua mizigo yake.

"Ungeniomba, labda ningekupa," alimwambia Kidole. "Na ningekataa, ingekuwa haki yangu. Picha, wimbo, sauti, vyote vina mwenyewe, hata kama simu umeishika wewe. Unauliza kwanza."

Kidole akauliza itakuwaje kwa zile zilizobaki.

"Nikisikia nitajua ni simu tu." Fundi akapitisha uzi kwenye sindano. "Nami nilishaanza kuzoea kwamba ni mama mwenyewe."