Kimtungi Kilichochemshwa

Tangi la samaki lilikuwa refu kuliko kitanda cha mtoto, lakini samaki wote walijibana upande mmoja, kama watu wanaomkimbia mlevi kwenye foleni. Upande wa pili palikuwa na kimtungi cha udongo kilicholazwa juu ya changarawe, mdomo wazi, na hakuna samaki hata mmoja aliyekisogelea. Sista aliliona hilo siku ya kwanza kabisa, akalipuuza. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, miguu imemvimba, na mtu aliyechoka namna ile hana nafasi ya kuchunguza tabia za samaki.

Sista ndilo jina walilomwita hospitalini, na hata ndugu zake walikuwa wamelizoea. Samaki hawakuwa wake. Walikuwa wa kaka yake, aliyelimbikiza likizo mpaka kampuni ikamlazimisha akapumzike. Kaka alipakia mke na watoto, wakaenda zao ng'ambo kwa likizo ndefu, akamwachia dada yake funguo za nyumba. Alisema hata mama atapata hewa nzuri huko, sebule ni kubwa, na samaki watamchangamsha.

Mama yao alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikufa, mdomo ukaenda kombo, maneno yakakatika. Aliyemuuguza ni Sista, kwenye chumba chake cha kupanga: kumgeuza asipate vidonda, kumwogesha, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, halafu kwenda kazini kugeuza na kuogesha wazazi wa watu wengine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kaka alilibeba kanda lake kwa simu, kila Jumapili, akiuliza mama anaendeleaje na kukata kabla jibu halijaisha.

Masharti ya samaki yalikuwa machache. Chakula ni ncha ya vidole, asubuhi. Maji yapunguzwe kidogo na kuongezwa kidogo, yasibadilishwe yote kwa mkupuo, maana samaki wanaishi na maji waliyoyazoea. Na kile kimtungi kisiguswe. Kaka alikiokota shimoni walipokuwa wakichimba msingi wa nyumba, akakipenda, akakitia humo kiwe pambo.

Kwa hiyo kitanda cha mama kikawekwa sebuleni, kikitazama tangi. Usiku Sista akiwa kazini, jirani wa nyumba ya pili, mjane mmoja fundi cherehani, alikuja kulala na mama. Sista alirudi asubuhi, akamhudumia mama, akawalisha samaki, akajitupa kwenye kochi hoi bin taabani. Samaki mmoja mweusi mwenye macho ya kutokeza Sista alimwita Bosi, kwa sababu alimtazama vilevile bosi wake alivyomtazama akichelewa.

Kisha maji yakaanza kuchafuka. Yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, na sebule ikanuka tope la kisima kilichofunikwa muda mrefu. Mtu mwingine angepunguza maji kidogo kama alivyoambiwa. Lakini Sista alikuwa muuguzi, na muuguzi amefundishwa kwamba kitu kinachonuka kinasafishwa chote, la sivyo hakijasafishwa. Aliwahamishia samaki kwenye beseni, akamwaga maji yote chooni, akasugua vioo mpaka mikono ikamuuma, akajaza maji mapya na kuwarudisha samaki. Kimtungi akakitia kwenye sufuria, akafunika, akakichemsha kama walivyochemsha vifaa vya kazini zamani. Hakupiga hodi wala hakutaja jina la Mungu. Nani anakipigia hodi chombo cha udongo? Ila wahenga walishasema, aliyelala usimwamshe. Ukimwamsha, utalala wewe.

Maji yalipochemka, kitu kilipumua ndani ya sufuria. Ilikuwa pumzi moja ndefu, ya mtu aliyeamshwa vibaya, na mfuniko ukainuka upande mmoja, ukatulia. Mvuke, Sista alijiambia. Alipogeuka, aliona mama amefumbua macho na anaangalia jikoni, jasho linamtiririka usoni.

Jioni samaki wote walikuwa wanaelea matumbo juu, Bosi akiwa wa mwisho. Maji mageni yaliwaua, ndilo jambo kaka alilomwonya, na Sista aliwaopoa mmoja mmoja akiona aibu na uchovu pamoja, bila kujua kipi kinazidi. Alizima pampu ya hewa, akachomoa na waya ukutani, kwa sababu hakuna sababu ya kuwapulizia hewa wafu.

Mlio wa mapovu haukukoma.

Alisimama na waya mkononi akisikiliza. Blu, blu, blu, taratibu, kama pampu bado inafanya kazi. Aliinamia tangi, kimya. Aliinamia pampu, kimya. Alifuata mlio huo kuzunguka sebule, nyuma ya kochi, chini ya meza, mpaka akafika kitandani, na hapo moyo ukamlipuka, kwa kuwa mlio ulikuwa unatoka kifuani mwa mama yake. Alifikiri ni maji kwenye mapafu, akakimbilia kifaa chake cha kusikilizia, akakibandika kwenye mbavu za mama, na nyuma ya mapovu, mahali ambapo panapaswa kuwa na mapigo ya moyo mmoja, akasikia mawili, moja la haraka na dogo kama la mtu anayekimbia, na jingine zito, la polepole, lisilo na haraka yoyote ya kufika popote.

Mama hakuwa na homa. Alipumua vizuri kuliko siku zote. Sista alitaka kuomba ruhusa asiende kazini, lakini wodi ilikuwa na upungufu na ruhusa alizokuwa nazo zilikwisha zamani kwa ajili ya mama huyohuyo. Alimkabidhi jirani, akaenda. Zamu nzima hakujua alichoshika.

Asubuhi alimkuta jirani nje ya mlango, kajifunga khanga mpaka kichwani, viatu havipo.

"Mama yako amesimama," jirani alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa ukuta.

"Mama hawezi kusimama, shoga yangu."

"Najua hawezi. Amesimama. Ameenda kwenye lile tangi, ameingiza kichwa, amekunywa." Jirani aliikaza khanga yake. "Alipomaliza akanigeukia, akaniambia niende nikalale, nimechoka. Amenisemesha vizuri kabisa. Ndiyo maana nimekimbia."

Akaondoka peku, bila kugeuka nyuma.

Sista aliingia akiwa ameshika roho mkononi. Sebule ilifagiliwa, sakafu ilipigwa deki na bado ilikuwa na unyevu, nguo za kazi zilizokuwa zimerundikana tangu juzi zilifuliwa na kuanikwa dirishani, na harufu ile ya tope la kisima ilijaa kila mahali, kwenye pazia, kwenye mto, kwenye kikombe cha chai kilichokuwa kinamsubiri mezani, na kwenye kiti karibu na tangi lililobaki tupu mama yake alikuwa ameketi, mgongo umenyooka, nywele zinachuruzika maji mabegani, mdomo umerudi mahali pake kana kwamba kiharusi hakijawahi kuugusa, akitabasamu.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alisema. "Umechoka wewe. Njoo ulale, mimi nipo."

Sauti ilikuwa ya mama, ile ambayo Sista alikuwa ameililia akijua hataisikia tena. Aliogopa, hilo halina ubishi. Lakini ndani ya hofu hiyo alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyomwogopesha zaidi. Alikunywa chai. Alilala mpaka jua likaanza kushuka, na alipoamka hakukuwa na mtu wa kugeuzwa wala uji wa kupikwa.

Akakaa hivyo kwa siku kadhaa. Mama alipika, alifua, alimkanda miguu kwa mikono baridi isiyokauka. Hakulala na hakula. Alikunywa tu, ndoo kwa ndoo. Kaka alipiga simu, akaongea naye, akalia kwa furaha, akasema siku zote alijua dada yake ana mkono wa dawa. Sista alisikiliza, asimsahihishe. Kila alipomtazama mama usoni alijua, na kila alipokaribia kulisema, usingizi ulimwita.

Mwishowe dhamira ilimshinda, akaenda kwa mganga. Walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu alitembea kama anayeogopa kumwaga kitu. Alikuja mchana na mkoba wake wa ubani, akafika kizingitini, akanusa, akasimama hapohapo. Alimwuliza Sista alifanya nini, naye akamweleza yote, hata sufuria.

"Kilikuwa na nyumba, ukakichomea nyumba," mganga alisema. "Kikaingia palipokuwa wazi. Mgonjwa ni mlango usio na komeo."

"Kinaweza kutoka?"

"Kinatoka. Leo hii, ukisema ndiyo. Ila kikitoka, mama yako atarudi kama alivyokuwa. Kitandani, bila neno." Alimwangalia kwa huruma. "Usifikiri ameondoka, binti yangu. Yumo humo. Amesukumwa pembeni, anaona kila kitu, anasikia kila kitu. Hata sasa anatusikia. Je, niingie?"

Sista alishika mlango. Aliona mbele yake vile vijiko vya uji, mashuka yaliyolowa, zamu juu ya zamu, miaka, na mwisho wake kaburi. Alimpenda mama yake. Alimpenda sana, na mifupa yake yote ilikuwa inauma.

"Kesho, mzee," alisema.

"Kesho atakuwa mbali zaidi."

"Najua. Njoo kesho. Acha leo nilale kwanza."

Mzee Taratibu aliuokota mkoba wake, akaondoka. Wote wawili walijua kwamba kesho hiyo haitafika.

Sista alifunga mlango, akajilaza kwenye kochi. Yule aliyekuwa mama yake alikuja, akamtandikia shuka mpaka mabegani, akampapasa kipaji cha uso kwa kiganja chenye maji. Mdomo ulikuwa unatabasamu kwa upole. Juu ya tabasamu hilo macho yalikuwa wazi, mekundu, yanamtazama Sista na kumsihi, na yalikuwa yanatoka machozi ambayo uso wote uliobaki haukuwa na habari nayo.

Sista aliyaona vizuri kabisa. Akageukia ukutani, akalala.