Kisanduku cha Kijivu cha Alhamisi

Lifti ilikwama katikati ya ghorofa mbili, watu wamebanana humo mpaka kupumua ni kwa zamu. Mpokezi wa kliniki ya meno, gauni lake la bluu limeng'atwa na mlango, alikuwa akimwomba Mungu kimoyomoyo, ndipo mikono miwili yenye grisi ikautanua ule mlango.

"Pole, dada. Gauni tutalikomboa," alisema fundi wa lifti.

"Ukilichana, utalilipa!"

"Nitalilipa kwa chakula cha mchana."

Mpokezi akacheka bila kutaka. Chakula kikazaa simu, simu zikazaa mahaba.

Zamu zao zilikuwa zikipishana, hivyo fundi akamwonyesha kalenda ya mtandaoni aliyokuwa akiitumia na wenzake kazini. "Tushirikiane, malkia wangu, nijue uko huru lini."

Binti akamfungulia yake yote: saluni, kumpigia mama, hata siku ya kung'olewa jino. Ya fundi ilimwonyesha visanduku vya kijivu tu: *Ana shughuli*. Kila Alhamisi jioni, kisanduku kimoja kirefu kuliko vyote.

"Alhamisi huwa unakwenda wapi, mpenzi?"

"Ni jambo la mtu mwingine, kipenzi. Si langu kulisema."

"Huyo mtu ana jina?"

"Analo." Akambusu paji la uso, akageuza mazungumzo.

Jibu lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akaanza kunusa mashati. Akipiga Alhamisi, simu inaita weee, haipokelewi. Dada yake naye akachochea moto: "Mwanamume anayeficha saa zake anaficha mtu, mdogo wangu."

Jumapili moja fundi alikuwa bafuni akiimba, simu yake iko mezani. Neno la siri binti alilijua. Akaingia kwenye kalenda, akatafuta mahali pa kuchagua nani aone nini, akabonyeza *maelezo yote*. Maji yakaacha kumwagika. Akairudisha simu mezani upesi.

Kwenye simu ya binti mwenyewe kisanduku kilibaki kijivu vilevile. Kwa haraka yake alikuwa amebonyeza si jina lake, bali mstari wa chini yake: wenzake fundi wote wa kazini.

Jumatatu fundi alipiga. Hakusema malkia.

"Ulishika simu yangu?"

"Mimi? Ya nini?"

"Usinizungushe! Karakana nzima imesoma: *Kumpeleka kaka kliniki ya kuacha pombe*. Kaka yangu ni dereva wetu pale. Tangu asubuhi wanamwita Chupa. Ametoka getini bila kuaga."

"Nilidhani ni mwanamke."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza!"

"Kweli, uliniuliza. Na nikakwambia si langu." Simu ikakatika.

Alhamisi binti aliomba ruhusa kazini, akaenda kubisha kwa yule kaka. Mlango ulifunguliwa kiasi cha jicho.

"Shemeji, siri yangu ilikuwa na mlango mmoja. Wewe umeigeuza stendi."

"Nimekukosea, kaka. Sina cha kujitetea."

"Leo siendi. Niende nikachekwe?"

"Waliokucheka hawapo kule. Na mimi nitabaki nje, sitaingia wala sitauliza kitu."

Kaka akaenda kutafuta viatu, akinung'unika.

Fundi aliwakuta kliniki: kaka yuko ndani, binti yuko kwenye benchi la nje, macho mekundu. Akakaa, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Nimekuondoa kwenye kalenda," alisema.

"Nilistahili."

"Na neno la siri nimelibadilisha."

"Hilo pia."

"Mwezi huu nilipanga kuja kwenu, nijitambulishe kwa mama yako."

Binti hakuthubutu kumtazama. "Umefuta?"

"Nimeahirisha," akasema. "Sijafuta."

Akasogea, akaijaza ile nafasi kati yao. Ulimi wa binti ulikuwa unawasha kuuliza ni lini. Akaufunga mdomo, akangoja.